Kifaa Kibovu au Fundi Mzembe? Usalama wa Radiografia Viwandani

Habari ikitoka kwamba chanzo cha mionzi kimepotea kwenye eneo la ujenzi, au kwamba kibarua ameungua paja bila kugusa moto, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema mashine ilikuwa mbovu. Wapo wanaosema fundi alizembea. Na wapo wengi zaidi, majirani wa eneo lenyewe, ambao hawashughuliki na nani kakosea. Wanataka kujua kama maji ya kisima bado yanafaa kunywa, kama bomba lililopigwa picha limebaki na sumu, na kama mgonjwa anaweza kuwaambukiza watoto. Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba hali imedhibitiwa na uchunguzi unaendelea. Jibu hilo halimsaidii mama anayeteka maji.

Kwa ukanda wetu suala hili haliko mbali. Tanzania imejenga bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, kisha ikaingia pamoja na Uganda kwenye mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Tukikadiria kila kipande cha bomba kuwa na urefu wa mita 12, kilomita hizo zinahitaji viungio vya kuchomelea kama 120,000. Ufa usioonekana kwa macho ndani ya kiungio kimoja unaweza kumwaga mafuta shambani au kulipua kituo, kwa hiyo viungio lazima vikaguliwe bila kukatwa. Moja ya njia kongwe za kuvikagua ni kuvipiga picha kwa mionzi ya gama, jinsi daktari anavyopiga picha mfupa. Njia hiyo imezuia maafa mengi ambayo hayakuandikwa popote kwa sababu hayakutokea. Imeua pia, na waliokufa hawakuwa mafundi peke yao.

Kuondoa ukungu kwanza

Kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na vitu vya mionzi ni mambo mawili. Katika radiografia ya viwandani, dutu yenye mionzi imefungwa ndani ya kidonge cha chuma kilichochomelewa. Mionzi yake hupita kwenye bomba na kuendelea na safari. Chuma hakibaki na chochote, maji hayabaki na chochote. Mtu aliyepigwa nayo hawezi kumpa mwingine, kama ambavyo aliyeunguzwa na jua hamwunguzi anayemkumbatia. Hofu ya kisima ina msingi pale tu kidonge kinapopasuka na unga wake kutawanyika, jambo ambalo si la kawaida. Hatari ya kawaida ni kidonge kizima kulala mahali kisipotakiwa kuwa: kwenye majani, mfukoni, juu ya kabati.

Mkanganyiko mwingine ni wa beji. Vibarua wengi huamini kwamba aliyevaa beji ya kupimia dozi amekingwa. Beji haikingi kitu. Inaandika kiasi alichopokea mvaaji, na husomwa maabara baada ya wiki au miezi. Ni shahidi anayefika mahakamani baada ya tukio.

Kisha kuna suala la ukubwa. Kidonge chenyewe ni cha milimita chache, kinachong'aa, mwishoni mwa kipande kifupi cha waya. Hakitoi harufu wala sauti. Tuchukue chanzo cha iridiamu-192 chenye nguvu ya kyuri 100, kiasi cha kawaida kwa kazi hii kikiwa kipya. Mtu akisimama mita 1 kutoka kilipo, kikiwa wazi, hupokea dozi ya takriban milisiveti 8 kwa dakika. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Hapo kinaisha ndani ya dakika mbili na nusu. Kikomo cha raia wa kawaida, milisiveti 1 kwa mwaka, hakimalizi sekunde 8. Akirudi nyuma hadi mita 2, kiwango hushuka hadi robo. Akikishika mkononi, umbali ukawa sentimita 1, kiwango hupanda mara 10,000. Na wakati huo wote hasikii maumivu. Maumivu huja baada ya saa au siku, na malengelenge baadaye zaidi, wakati hakuna tena anayekumbuka kile kichuma kilichookotwa.

Kamera isiyo na lenzi

Kifaa cha kazi hii mafundi hukiita kamera. Ni kasha la kilo ishirini na kitu, na sehemu kubwa ya uzito huo ni urani iliyofifishwa, metali nzito kuliko risasi, ambayo hapa kazi yake ni kuzuia mionzi isitoke. Ndani kuna njia iliyopinda kama herufi S, na katikati ya mpindo ndipo chanzo kinapolala. Nyuma ya kasha fundi huunganisha waya mrefu unaoendeshwa kwa hendeli kutoka umbali wa mita kumi hivi. Mbele huunganisha bomba jembamba la kuongozea, linaloishia kwenye kiungio kinachopigwa picha. Filamu hufungwa upande wa pili wa kiungio hicho. Anapozungusha hendeli, waya hukisukuma chanzo kutoka ndani ya kasha hadi mwisho wa bomba lile. Kinakaa hapo kwa sekunde au dakika kadhaa kulingana na unene wa chuma, kisha fundi huzungusha kinyume kukirudisha.

Sehemu ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote ni pale waya wa hendeli unapokutana na mkia wa chanzo. Upande mmoja una kifundo cha mviringo, kidogo kama punje ya mtama. Upande wa pili una tundu lenye mlango wa springi linalokipokea. Fundi hubonyeza springi, huingiza kifundo, huachia, kisha hujaribu kuvitenganisha kwa vidole. Usalama wa watu wote walio jirani umening'inia kwenye punje hiyo. Ikilika kwa matumizi, ikiingiwa na mchanga, au fundi akiunganisha gizani akadhani kifundo kimekaa sawa, hendeli itasukuma chanzo nje kama kawaida. Wakati wa kurudi, waya utarudi mtupu.

Mkono hauwezi kuitambua tofauti hiyo. Hendeli huzunguka vilevile, idadi ya mizunguko ni ileile, na waya hufika mwisho wake palepale. Kila ishara anayoipata fundi kutoka kwenye kifaa inamwambia kazi imekwisha salama, na chanzo kiko mbele yake, wazi, mita kumi tu. Ukweli huu ndio unaoamua uzito wa hoja nne zinazoshindana kuhusu usalama wa kazi hii.

Hoja ya kwanza: kosa liko kwenye kifaa

Wanaoishika hoja hii wana ushahidi mzito. Mwaka 1984, huko Mohammedia, Morocco, kituo cha kuzalisha umeme kikiwa kinajengwa, chanzo cha iridiamu kiliachana na waya wake na kudondoka. Mtu alikiokota na kwenda nacho nyumbani. Kichuma chenyewe hakikuwa na alama yoyote ya kuonya. Alama ya hatari ilikuwa kwenye kasha lililobaki kazini. Watu 8 wa familia hiyo na jamaa zao walikufa. Kwa majuma mengi vifo hivyo vilidhaniwa kuwa vya sumu, na hakuna aliyevihusisha na eneo la ujenzi hadi familia ilipokuwa imekwisha.

Jibu la wahandisi lilikuwa kubadilisha maumbile ya kifaa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3999 kiliweka masharti ya namna kamera hizi zinavyotengenezwa na kujaribiwa. Marekani iliagiza kwamba vifaa vyote vitakavyotumika baada ya Januari 1996 viwe na kiungio cha waya na chanzo kisichoachia kwa bahati mbaya, na kufuli linalokamata chanzo lenyewe kinaporudi ndani, bila kungoja fundi akumbuke. Kwenye miundo bora ya leo, kama mkia wa chanzo haujarudi, kufuli halijifungi, na fundi anapata ishara ambayo wenzake wa miaka ya 1980 hawakuwa nayo. Huu ni uhandisi wa heshima. Umeokoa mikono na miguu ya watu wengi.

Udhaifu wa hoja hii unaonekana nje ya karakana. Bomba la kuongozea linaweza kukanyagwa na gari la mizigo, au kuangukiwa na kipande cha chuma, likabonyea chanzo kikiwa ndani yake. Hapo hakuna kufuli la kusaidia. Linaweza kukunjwa kupita kiasi kwa sababu nafasi kati ya bomba na mwamba ni finyu. Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma, vumbi jekundu la bara huingia kwenye gia za hendeli, na matengenezo yaliyopangwa kufanyika karakana hufanyika nyuma ya pikapu kwa taa ya simu. Kuna vipimo vidogo vya chuma vya kukagulia kifundo na tundu: kikipita mahali kisipotakiwa kupita, sehemu hiyo imelika na itupwe. Kipimo hicho ni rahisi kutumia kuliko kubadilisha tairi. Kinachohitajika ni mtu wa kukitoa kwenye sanduku kila asubuhi, na mtu huyo hatengenezwi kiwandani.

Kuna hatari nyingine iliyojificha ndani ya mafanikio haya. Kifaa kinachojifunga chenyewe humfundisha mtumiaji kukiamini. Kadiri kinavyoaminika, ndivyo siku yake ya kushindwa inavyowakuta watu wakiwa wamelegeza uangalifu.

Hoja ya pili: kosa liko mikononi mwa fundi

Ripoti nyingi za ajali zilizochapishwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, zinarudia jambo moja hadi linachosha kusoma: hakuna aliyepima. Aprili 2002, Cochabamba, Bolivia, chanzo cha iridiamu kilibaki ndani ya bomba la kuongozea baada ya kazi. Vifaa vilifungwa vikapakiwa kwenye basi la abiria kwenda La Paz, safari ya takriban saa 8, pamoja na watu waliokata tiketi kwenda kwa jamaa zao. Kipima mionzi kilichowashwa na kusogezwa karibu na mzigo ule kingepiga kelele kabla haujafika mlango wa basi.

Hiyo ndiyo nguvu ya hoja hii. Chanzo kikiachia au kikikwama, kipima mionzi kizima kinakitambua ndani ya sekunde. Kanuni ni fupi: baada ya kila picha, fundi anaisogelea kamera akiwa ametanguliza kipima mionzi, anazunguka kamera na bomba la kuongozea hadi mwisho wake, anasoma namba, kisha ndipo anafunga kufuli. Namba ikiwa juu, anarudi nyuma, anapanua uzio na kumwita mtaalamu. Hagusi. Kukirudisha chanzo kilichokwama ni kazi ya aliyefundishwa, kwa koleo ndefu na mifuko ya vipande vya risasi, na mpango uliohesabiwa kwa sekunde kabla mtu yeyote hajasogea.

Hata hivyo, tuhesabu kidogo. Kikosi kinachopiga picha 30 kwa usiku, usiku 200 kwa mwaka, kinapima mara 6,000. Mara zote hizo kipima mionzi kinasema jambo lilelile: salama. Binadamu yeyote, awe rubani, muuguzi au fundi, huchoka kumsikiliza anayerudia neno moja mara 6,000. Kumwita mzembe ni rahisi, lakini hakuelezi kwa nini waangalifu nao huumia. Tuongeze betri iliyoisha katikati ya usiku. Tuongeze pia vipima vya zamani vyenye kasoro mbaya kuliko zote: mionzi ikizidi sana, sindano hurudi sifuri. Fundi aliyetii kanuni anasoma sifuri akiwa amesimama mbele ya chanzo kilicho wazi.

Tena, mafunzo yanamfikia fundi tu. Februari 1999, kwenye kituo cha umeme wa maji cha Yanango, Peru, aliyeumia alikuwa mchomeleaji. Aliona kichuma, akakiokota, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaendelea na kazi kwa saa kadhaa. Alianza kuhisi maumivu pajani, akaenda nyumbani nacho. Wapiga picha walianza kazi yao usiku. Walipoziosha filamu, zilitoka tupu, na hapo ndipo walipojua kwamba walikuwa wakisukuma waya usio na chanzo. Mchomeleaji yule alikatwa mguu. Mwaka 1996, Gilan, Irani, kibarua mwingine alikuwa amekitia chanzo kwenye mfuko wa kifuani. Hawa wawili hawakuvunja kanuni yoyote ya radiografia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba iko.

Hoja ya tatu: kosa liko kwenye mkataba

Hoja hii husikika kidogo kwenye vyombo vya habari, labda kwa sababu haina picha ya kuonyesha. Inasema kwamba fundi asiyepima hafanyi hivyo kwa utashi wake tu. Amewekwa mahali ambapo kupima ni hasara.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Mwenye mradi humpa kazi mkandarasi mkuu, naye huipa kampuni ndogo ya ukaguzi kazi ya kupiga picha. Mara nyingi malipo ni kwa kiungio au kwa filamu. Kazi hupangwa usiku ili wachomeleaji na madereva wawe wameondoka, na lazima iishe kabla zamu ya asubuhi haijaingia, kwa sababu kiungio ambacho hakijapitishwa kinazuia tingatinga la kufukia mtaro. Ndani ya muda huo kikosi kinatakiwa kuzungusha utepe wa tahadhari, kuweka taa na vibao, kuhakikisha hakuna aliyelala ndani ya bomba au nyuma ya kontena, kupiga picha, kupima, kuhama, na kuanza tena.

Na chanzo chenyewe hakisubiri. Iridiamu-192 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 74. Picha iliyohitaji dakika 2 mwanzoni mwa Januari itahitaji karibu dakika 4 ifikapo katikati ya Machi, na karibu 8 mwishoni mwa Mei. Idadi ya viungio kwenye mkataba haijapungua. Kununua chanzo kipya ni fedha, vibali na usafirishaji, kwa hiyo cha zamani huvutwa wiki chache zaidi. Dakika zinazoongezeka kwenye kila picha lazima zitoke mahali. Hutoka kwenye usingizi, au kwenye zile sekunde za kuzunguka na kipima mionzi.

Kanuni ya watu wawili inaumia hapohapo. Nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, zinataka kazi ya nje ya chumba maalumu ifanywe na angalau watu wawili wenye sifa, ili mmoja aendeshe kifaa na mwingine alinde uzio. Kampuni iliyoshinda zabuni kwa bei ya chini kuliko wenzake ina kishawishi cha kumtuma fundi mmoja na kibarua wa kubeba vifaa, kisha kuandika kwenye daftari kwamba walikuwa wawili.

Sheria zipo. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kenya ilitunga sheria ya udhibiti wa nyuklia mwaka 2019, na Uganda ina Baraza la Nguvu za Atomiki kwa sheria ya mwaka 2008. Kuingiza chanzo nchini, kukisafirisha na kukitumia kunahitaji vibali. Ugumu ni kwamba leseni hukaguliwa mchana, ofisini, wakati kazi inafanyika saa 8 za usiku kilomita nyingi kutoka barabara ya lami. Mkaguzi anayetoa taarifa kabla ya kufika atakuta utepe umenyooka na betri mpya.

Udhaifu wa hoja ya mkataba ni kwamba inaweza kuwa kichaka. Kila mtu akisema "ni mfumo", hakuna anayewajibika, na fundi aliyesaini daftari la uongo anaonekana ameonewa. Isitoshe, viko vikosi vinavyofanya kazi chini ya mikataba ileile mibaya na bado vinapima kila picha. Hoja hii inaeleza shinikizo. Haiwezi kueleza kila uamuzi uliofanywa chini ya shinikizo hilo.

Hoja ya nne: tuachane na iridiamu

Kama hatari inatoka kwenye kidonge, kwa nini kiendelee kutumika? Swali ni zuri, na jibu linategemea unene wa chuma.

Njia ya kwanza mbadala ni mashine ya eksirei. Ukiikatia umeme, mionzi inakoma. Hakuna kitu cha kuokotwa. Lakini inahitaji umeme wa uhakika, ni nzito, haiingii sehemu finyu, na zile za kubebeka hushindwa kupenya chuma kinene. Njia ya pili ni mawimbi ya sauti yasiyosikika, ambayo hayana mionzi kabisa: fundi wa ukaguzi na mchomeleaji wanaweza kufanya kazi bega kwa bega mchana kweupe, bila uzio. Kwenye mabomba marefu njia hii imeshachukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya filamu. Bei yake ni ujuzi. Picha ya radiografia inaweza kuwekwa mbele ya wakaguzi watatu wakabishana juu ya doa moja. Matokeo ya mawimbi ya sauti humtegemea zaidi aliyeshika kifaa na namna alivyokirekebisha, na mabomba membamba pamoja na baadhi ya vyuma vya pua huyapotosha.

Njia ya tatu ni ya kati: kubadilisha iridiamu kwa seleniamu-75, yenye mionzi dhaifu zaidi na nusu-uhai wa siku 120 hivi. Eneo la kufungwa linakuwa dogo, na chanzo kinadumu zaidi kabla ya kubadilishwa. Haifai kwa chuma kinene, lakini mabomba mengi ya kawaida si manene kiasi hicho. Hapa maoni yangu ni wazi: mahali ambapo seleniamu au mawimbi ya sauti vinatosha, kutumia iridiamu kwa sababu ndiyo iliyozoeleka ni kuwabebesha wengine hatari isiyo ya lazima. Ila hakuna mbadala unaofuta kamera za iridiamu mwaka huu wala ujao. Zilizopo zitaendelea kufanya kazi, na hizo ndizo zinazohitaji ulinzi.

Uzito wa kila hoja

Tukizipanga ajali hizi upande kwa upande, kifaa kilishindwa kwa namna tofauti kila mahali: huku chanzo kiliachia, kule kilikwama, kwingine kilikuwa nje ya kasha hakuna anayejua tangu lini. Kinachofanana ni kwamba kwa saa, siku au majuma, kila aliyehusika alidhani chanzo kiko mahali kisipokuwepo. Hitilafu yenyewe huzaa tatizo la kiufundi linaloweza kutatuliwa na watu wawili wenye koleo ndefu. Hitilafu isiyojulikana huzaa makaburi.

Kwa sababu hiyo ninakipa kipima mionzi uzito kuliko kamera. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko kamera yenyewe, na ndicho pekee kinachosema ukweli pale hendeli inapodanganya. Viwe viwili kwa kila kikosi, vya aina isiyorudi sifuri mionzi inapozidi, pamoja na king'ora cha kuvaa mwilini kinacholia bila kuwashwa kila mara. King'ora kinafidia uchovu wa mara ya 6,000, jambo ambalo mafunzo peke yake hayawezi. Maboresho ya kufuli na kiungio yanafuata, na kamera za zamani zisizojifunga zikataliwe bandarini, kwa kuwa kifaa kilichopigwa marufuku nchi moja kinaweza kuuzwa nchi nyingine kwa bei ya kutupa.

Mafunzo yanahitaji kupanuliwa nje ya kikosi. Mei 2000, huko Meet Halfa, Misri, chanzo kilichoachwa baada ya ukaguzi wa bomba la gesi kiliokotwa na mkulima aliyedhani amepata metali ya thamani. Yeye na mwanawe wa miaka 9 walikufa mwezi uliofuata, na ndugu wengine wakalazwa. Dalili za ngozi zilifanana na maradhi ya kawaida. Daktari wa kituo cha afya kilicho kando ya mradi wa bomba anapaswa kuwa na swali moja zaidi kwa mgonjwa mwenye kidonda cha moto kisicho na moto: je, umeokota kichuma chochote? Swali hilohilo liwafikie wanunuzi wa vyuma chakavu, maana kasha lenye urani ni zito na linavutia mizani. Mwaka 2007 IAEA na shirika la viwango la ISO walitoa alama mpya kwa ajili ya watu wasiojua ile ya mabawa matatu: pembetatu nyekundu, miale, fuvu, na mtu anayekimbia. Inaeleweka bila kusoma. Ibandikwe mahali vibarua wanapokula chakula, ikiwa na picha ya kidonge kwa ukubwa wake halisi na namba ya simu ya mdhibiti.

Linabaki suala la fedha, na hapo hoja ya tatu inashinda nyingine zote kwa upande wa tiba. Kipima mionzi cha pili, mtu wa pili, na muda wa kuzunguka kamera baada ya kila picha vyote vina gharama, na kwa sasa gharama hiyo humwangukia mkandarasi mdogo aliye mwisho wa mnyororo, ambaye kila shilingi anayoitumia inampunguzia nafasi ya kushinda zabuni ijayo. Mwenye mradi anaweza kuliondoa shinikizo hilo kwa ukurasa mmoja: malipo kwa usiku badala ya kwa kiungio, na mistari mitatu inayojitegemea kwenye jedwali la bei, ambayo hakuna mzabuni anayeruhusiwa kuishusha. Mmoja wa vipima mionzi. Mmoja wa fundi wa pili. Mmoja wa dakika za kupima, zikiwa zimehesabiwa kwa kila picha na kulipwa hata usiku ambao namba zote zimesoma salama.